Kitambi si dalili ya neema, mna vita vya kimya ndani yake

Miezi michache iliyopita alikuja kwenye zahanati yangu mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamume wa miaka 49. Hakuja kwa sababu ya unene. Alikuja kwa sababu ya kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu, alichokipata baada ya kiatu kipya kumbana, na ambacho kilikuwa kimekataa kupona kwa wiki sita. Nilimpima sukari asubuhi kabla hajatia kitu kinywani. Ilikuwa 13. Kipimo hicho kikifika 7 au kupita, na kikithibitishwa, mtu huyo ana ugonjwa wa kisukari.

"Haiwezekani, daktari," akaniambia. "Chai yangu naitia kijiko kimoja tu cha sukari. Soda siipendi. Sukari yote hiyo imetoka wapi?"

Nilimwomba asimame, nikachukua utepe wa fundi cherehani na kumpima tumbo usawa wa kitovu. Sentimita 112. Mwalimu akacheka. "Hiki ni kitambi cha kawaida tu, daktari. Mke wangu akiniona hivi hufurahi, maana watu wanajua ananilisha vizuri. Tena nikikonda, majirani watasema nimepata ule ugonjwa."

Nimebadilisha mambo machache ili mwalimu huyu asijulikane, lakini maneno yake huyasikia karibu kila juma kutoka kwa watu wengine. Swali lake ni zuri: mtu asiyependa vitu vitamu apataje kisukari? Jibu lilikuwa mbele yetu sote wawili, likining'inia juu ya mshipi wake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

GHALA LENYE UHAI

Wengi wetu tulifundishwa kwamba mafuta mwilini ni kama magunia ya mahindi ghalani. Chakula kikizidi, mwili huweka akiba. Njaa ikija, huichota. Hayo ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Gunia halina uhai, ilhali mafuta ya mwilini yamo ndani ya seli, vijumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu, na seli hizo zi hai. Hupata damu, hupumua, na hata hutuma habari. Mwaka 1994 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York, wakiongozwa na Jeffrey Friedman, walitangaza ugunduzi wa homoni iitwayo leptini. Hiyo ndiyo barua ambayo seli za mafuta huuandikia ubongo kuueleza akiba iliyopo ni kiasi gani.

Tena seli hizo haziishi peke yake. Katikati yake wamo askari wa mwili, yaani zile chembechembe nyeupe ambazo umezoea kusikia kwamba hutukinga na maradhi. Baadhi yao huitwa makrofaji. Hawa ni seli walaji: kazi yao ni kumeza vijidudu na kusafisha mabaki ya seli zilizokufa. Wapo pia askari wengine ambao kazi yao ni kuwatuliza wenzao wasianzishe vita pasipo na adui, mithili ya wazee wa kijiji wanaomaliza ugomvi kabla haujafika kwa chifu.

Kwa mtu mwenye mafuta ya kadiri, mambo haya huenda shwari. Makrofaji hufagia, wazee hutuliza, na ghala hupokea na kutoa akiba kwa utaratibu.

GHALA LINAPOFURIKA

Sasa fikiria mtu anayekula kupita mahitaji yake mwaka baada ya mwaka, huku akikaa kitini mchana kutwa. Seli za mafuta hutanuka kama puto. Hufika mahali damu ikazifikia kwa shida, oksijeni ikapungua, na baadhi zikafa. Seli ya mafuta ikifa humwaga kilichomo ndani yake. Makrofaji huja mbio kusafisha, nao huwaita wenzao. Chini ya hadubini huonekana wameizunguka seli iliyokufa kama taji.

Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, walikadiria idadi ya askari hao. Kwa watu wembamba, makrofaji walikuwa chini ya 10 katika kila seli 100 za nyama ya mafuta. Kwa watu wanene kupindukia, walikaribia 40. Ebu tafakari kijiji ambamo karibu watu 40 katika kila 100 ni askari wenye silaha. Hata kama adui hayupo, amani itatoka wapi?

Ukichomwa na mwiba, mahali pale huvimba, hugeuka pekundu na huwa na joto. Hiyo ni kazi ya askari wa mwili, na ni kazi njema, kwa kuwa baada ya siku chache mwiba hutoka na uvimbe huisha. Ndani ya kitambi hakuna mwiba wa kutoa. Kwa hiyo vita haviishi. Havina maumivu wala homa, na mwenye mwili hajui lolote. Ni kama makaa yaliyofunikwa na majivu: huoni moto, lakini kilicho juu yake kinaungua polepole.

UFUNGUO USIOFUNGUA

Hapa ndipo tunapofikia jibu la mwalimu. Ukila ugali, viazi, wali au mkate, tumbo huugeuza wanga kuwa sukari, nayo huingia kwenye damu. Si lazima iwe sukari ya kijiko. Kongosho hutoa homoni ya insulini, ambayo ni ufunguo wa kufungulia milango ya seli za misuli na za mafuta ili sukari iingie ndani na kutumika. Insulini pia huliamuru ini lipunguze sukari linayoimwaga kwenye damu.

Askari walio vitani hutoa kemikali nyingi. Mojawapo huitwa TNF. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, nchini Marekani, wakiwemo Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman, walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa TNF kwa wingi, na kwamba ikizuiwa, insulini ya panya hao hufanya kazi vizuri zaidi. Kwa maneno mengine, kemikali za vita huingia kwenye kitasa kama kutu. Ufunguo upo, lakini mlango haufunguki.

Kongosho likiona hivyo hutengeneza funguo nyingi zaidi. Kwa miaka mingi hufaulu, na ukipimwa sukari unaambiwa u mzima. Kisha kongosho huchoka, na sukari hubaki kwenye damu. Ndiyo maana mwalimu wangu alishangaa. Alidhani ugonjwa wake umeanza na kidonda, kumbe huenda ulikuwa safarini miaka mingi.

Utaniuliza, mbona kuna watu wenye mapaja na makalio makubwa ambao sukari yao ni ya kawaida? Ni kwa sababu mafuta hayafanani. Yale yaliyo chini ya ngozi, hasa ya mapaja na makalio, ni ghala salama zaidi. Yaliyo hatari ni yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka matumbo, kwa kuwa damu inayotoka huko hupitia ini kwanza, ikibeba mafuta na kemikali za vita.

Tena mafuta yenyewe si adui. Wakati wa mafunzo yangu niliwaona wagonjwa waliokuwa wakitumia stavudini, mojawapo ya dawa za zamani za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Baadhi yao walipoteza mafuta ya mashavu, mikono na miguu, na wengine wakaota matumbo. Wengi wa waliopatwa na hali hiyo walisumbuliwa na sukari. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa hiyo iondolewe hatua kwa hatua. Funzo ni kwamba mtu akikosa ghala salama la kuweka mafuta, huenda yakajipenyeza kwenye ini na misuli, mahali pasipo pake. Lililo baya ni mafuta kufurika na kukaa pasipostahili.

WAPANGAJI WA MATUMBONI

Hadithi haijaisha, kwa maana askari hawa wana jirani mwingine. Ndani ya matumbo yako, hasa utumbo mpana, wanaishi bakteria wapatao trilioni 38, idadi inayokaribiana na ile ya seli zote za mwili wako. Wengi wao si wabaya. Ni wapangaji wanaolipa kodi vizuri.

Kodi yao wanailipaje? Katika mboga, maharagwe, matunda na nafaka zisizokobolewa mna nyuzinyuzi ambazo tumbo la binadamu haliwezi kuzisaga. Bakteria hawa huzichachisha, na katika kazi hiyo hutoa asidi ndogo ndogo, mojawapo ikiitwa butireti. Hiyo ni chakula cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Pia huwasaidia wale askari watulizaji kuongezeka. Ukuta hubaki imara, na utando wa ute unaoufunika hubaki mnene.

Ukiwanyima nyuzinyuzi, wapangaji hawa hawatafi njaa kimya. Katika majaribio ya panya, bakteria waliokosa nyuzinyuzi walianza kuula utando wa ute wenyewe. Ukuta ukidhoofika, vipande vya maganda ya bakteria hupenya na kuingia kwenye damu. Mwaka 2007 watafiti wa Ufaransa na Ubelgiji, akiwemo Patrice Cani, walionyesha kwamba panya waliolishwa mafuta mengi kwa wiki nne walikuwa na vipande hivyo kwenye damu mara mbili hadi tatu ya kawaida. Askari wakikutana na ganda la bakteria hawaulizi kama mwenyewe yu hai au amekufa. Hudhani mwili umevamiwa. Kwa hiyo wale makrofaji waliokwisha kukasirika kitambini huongezewa kuni.

Bakteria wana uwezo wa kuathiri hata unene wenyewe. Mwaka 2004 wanasayansi wa mji wa St. Louis, Marekani, waliwachukua panya waliolelewa bila bakteria wowote, wakawapa bakteria kutoka matumbo ya panya wa kawaida. Katika siku 14 mafuta ya miili yao yaliongezeka kwa asilimia 60, ingawa walikula chakula kidogo kuliko awali.

Lakini tahadhari, msomaji. Panya si binadamu. Ukiona mtu anakuuzia vidonge vya bakteria akiapa kwamba vitayeyusha kitambi kwa mwezi mmoja, linda mfuko wako. Hakuna vidonge vya namna hiyo vilivyothibitishwa kufanya kazi hiyo.

YALIYOONEKANA KILIMANJARO

Kwa binadamu tunao ushahidi wa karibu na nyumbani. Miaka ya 1950 na 1960 daktari mpasuaji Denis Burkitt alikuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, mjini Kampala. Yeye na daktari Hugh Trowell, aliyewahi kufanya kazi Kenya na Uganda, baadaye waliueleza ulimwengu kwamba maradhi mengi yaliyojaa katika hospitali za Ulaya yalikuwa adimu miongoni mwa Waafrika waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Wakati huo habari za makrofaji wa kitambini hazikuwa zimejulikana, lakini macho yao yaliona.

Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanyiwa mkoani Kilimanjaro, nchini Tanzania, kwa wanaume 77 wenye afya njema. Waliozoea vyakula vya kiasili mashambani walipewa, kwa wiki mbili, vyakula vya mtindo wa Magharibi kama vile soseji, mkate mweupe na chipsi. Wa mjini walipewa kinyume chake: mboga za majani, maharagwe, ndizi za kupika na nafaka za asili. Kundi jingine lilipewa kinywaji cha ndizi kilichochachishwa. Wale waliohamia kwenye soseji na chipsi, dalili za uvimbe wa kichinichini katika damu ziliongezeka, na seli zao za kinga zikapungukiwa na nguvu za kukabili vijidudu. Waliorudi kwenye chakula cha kiasili, na wale wa kinywaji, dalili hizo zilipungua. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye.

Wiki mbili tu! Na sisi wengine tumekula hivyo tangu tulipopata mshahara wa kwanza. Uchunguzi uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu wazima wapatao 27 katika kila 100 walikuwa na uzito uliozidi kiasi, na wanawake walikuwa wengi zaidi. Ila nisieleweke vibaya: habari ya kinywaji cha ndizi si ruhusa ya kwenda kilabuni. Uji uliochachishwa na maziwa ya mala ni njia salama zaidi ya kuwakaribisha bakteria wema.

UFANYE NINI?

Kwanza, jipime kwa kamba. Mtu akupime urefu kwa kamba kutoka kisiginoni hadi utosini, kisha ikunjeni katikati. Izungushe tumboni usawa wa kitovu, ukipumua kama kawaida. Usilivute tumbo ndani, maana utakuwa unajidanganya mwenyewe. Ncha zikikutana, shukuru. Zisipokutana, kiuno chako kimepita nusu ya urefu wako, na hiyo ni ishara ya hatari. Kipimo hiki hakiwahusu akina mama wajawazito.

Pili, ikiwa ncha hazikukutana, nenda ukapimwe sukari na shinikizo la damu, hata kama hujihisi mgonjwa. Usingoje kiu kali, kukojoa kila mara, kuona ukungu au ganzi ya miguu.

Tatu, walishe wapangaji wako. Hutahitaji duka la mbali. Githeri, maharagwe, ndengu, kunde, managu, terere, sukuma wiki, nduma na viazi vitamu viko sokoni. Unga wa mahindi usiokobolewa, au wa wimbi na mtama, ni bora kuliko ule mweupe wa pakiti. Nusu ya sahani iwe mboga, na mlima wa ugali upungue uwe kilima. Anza polepole, kwani utumbo usiozoea maharagwe hujaa gesi. Chipsi, soseji, mandazi na soda viwe vya siku moja moja.

Nne, tembea. Nchini Marekani, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002 uliwahusisha watu waliokuwa wakikaribia kupata kisukari. Walioshauriwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58, kuliko hata waliopewa dawa ya metformini. Asilimia 7 ya mtu wa kilo 90 ni kilo 6 na kidogo tu. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Shuka kwenye matatu vituo viwili kabla ya nyumbani. Msuli unaofanya kazi huchukua sukari hata wakati ufunguo wa insulini umeshika kutu.

Tano, usinunue viuavijasumu dukani kwa kila mafua. Mafua huletwa na virusi, na dawa hizo haziviui. Zinachofanya ni kuwafukuza wapangaji wema pamoja na wabaya. Vilevile jihadhari na majani ya chai ya kupunguza tumbo. Mengi ni dawa za kuharisha. Kinachotoka ni maji, na mafuta hubaki palepale.

Mwisho, ikiwa tayari unatumia dawa za kisukari, usiziache wala usianze kufunga kula bila kuzungumza na daktari wako. Sukari inaweza kushuka ghafla na kukuangusha.

MWALIMU ALIVYOENDELEA

Mwalimu wangu alipewa dawa, na kidonda kikasafishwa kila siku mbili. Nilimwambia waziwazi kwamba watu hukatwa miguu kwa vidonda vidogo kuliko hicho. Hilo lilimgutusha kuliko maelezo yote ya makrofaji. Mkewe alikuja naye mara ya pili, nikamweleza kwamba mume aliyelishwa vizuri ni yule atakayekuwepo kuwaona wajukuu. Mama yule akanisikiliza, kisha akasema, "Basi daktari, kuanzia leo atakula managu mpaka aombe msamaha."

Baada ya miezi minne kidonda kilikuwa kimepona. Kiuno kilikuwa kimeshuka hadi sentimita 104, na sukari ya asubuhi hadi 7.4. Bado hajafika, na dawa anaendelea nazo. Nilimuuliza kuhusu majirani. "Walisema," akanijibu, "wakachoka." Sasa ana kamba kwenye droo ya meza yake shuleni, na walimu wenzake wamekwisha kupimwa karibu wote.

Nawe, msomaji, kamba haigharimu kitu. Itafute jioni hii kabla ya chakula, ujipime na wa nyumbani mwako. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hadi juma lijalo, nakutakia afya njema.